Kibao cha "Mbwa Kali" na Anayekaa Nyuma Yake

(Maneno niliyowaambia majirani wa Kiamunyi, Nakuru, Jumamosi asubuhi katika ukumbi wa kanisa. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema. Nimeondoa mahali simu zilipolia.)

Mwenyekiti wa mtaa, Bwana Chifu, wazee wetu, kina mama, vijana, na nyinyi watoto mliokaa chini hapa mbele, hamjambo. Asanteni kwa kunikaribisha.

Kabla sijaenda mbali, walio karibu na mlango wasihame. Yule aliyelala pale kwenye mkeka anaitwa Kadogo. Ni Rottweiler jike wa miaka sita, na juzi nilimpima kwenye mizani ya magunia akagonga kilo 41. Jina nilimpa wakati akienea ndani ya kofia yangu, na sikuwa na moyo wa kulibadilisha. Amefungwa kamba, na kamba imeshikwa na kijana wangu. Msimpigie mluzi, msimtupie mandazi. Tutafika kwake.

Mwenyekiti aliponipigia simu aliniambia, "Njoo utuambie ni aina gani ya mbwa tupige marufuku hapa mtaani." Nikamuuliza kumetokea nini. Akasema tangu wezi waanze kuruka kuta, kila boma limeleta jibwa: German Shepherd, Rottweiler, Boerboel wawili, na pitbull mmoja ambaye mwenyewe anaapa si pitbull. Na tangu hao mbwa waje, watu watatu wameumwa. Mtoto aliyekuwa anatoka shule, mama mboga, na kijana wa boda aliyeleta gesi. Mwizi hata mmoja hajaumwa. Nikamwambia, mwenyekiti, hotuba umeshaitoa wewe. Mimi nitakuja tu kutia chumvi.

Nikija hapa nimehesabu vibao kumi na vinne vya MBWA KALI kwenye mageti yenu. Najua mwalimu wa Kiswahili aliyeko humu hukunja uso kila akivipita, kwa sababu ilipaswa kuwa "mbwa mkali". Lakini mwalimu, sarufi ndilo kosa dogo pale. Kuna mengine mawili.

Mimi si daktari wa mifugo. Nimeshika kamba ya mbwa wa ulinzi miaka ishirini na miwili hapa Nakuru, nyingi nikizunguka maghala ya nafaka usiku. Nitakayosema kuhusu chanjo nimefundishwa na madaktari. Ya meno nimejifunza mwenyewe.

Na nianze na kosa langu. Hiki nilichotoa mfukoni ni kipete cha chuma, kile kinachounganisha mnyororo na ukosi wa shingoni. Watoto, pokezaneni, na mtazame ule upande uliofunguka. Pale pameliwa na kutu mpaka pakabaki wembamba wa njiti ya kiberiti.

Wakati huo nilipanga mtaa wa Free Area, ploti ya vyumba vinane, na nilikuwa na chotara wa German Shepherd nikimwita Komando. Nilimfunga kwenye mti wa ndimu karibu na geti. Kila aliyeingia alibwekewa. Watoto wa ploti walikuwa wakisimama pale mnyororo usipofika, wakimtupia kokwa za maembe, na mimi nikiona nacheka, maana kila kokwa ilimzidishia hasira na hasira ndiyo niliyoitaka. Majirani wakisema, "Huyo mbwa wako ni hatari," nilisikia kama wamenisifu. Jumapili moja nikimwekea ugali nikaona kipete kimelika. Nikasema moyoni, nitanunua kingine mwisho wa mwezi.

Jumatano jioni kikakatika. Aliyekuwa akipita ni binti wa jirani, wa miaka saba, ametumwa chumvi. Komando alimshika kwenye shavu la mguu, akaachia, akamshika tena. Mimi nilikuwa nanawa uso. Nilifika na sabuni machoni.

Mtoto alipona. Sasa ni mtu mzima na tukikutana mjini hunisalimu vizuri, lakini mbwa akija upande huu yeye huvuka barabara. Komando alidungwa sindano ya mwisho. Alikuwa na miaka mitatu na hakuwa amefanya jambo lolote ila nililomlea kufanya. Watu wa ploti wakasema, "Mashepadi ndivyo walivyo." Nami nikaitikia haraka sana, maana jibu hilo lilinifaa. Ikiwa ni damu ya mbwa, basi si mkono wangu.

Kwa hiyo swali la mwenyekiti nalijua. Nililijibu vibaya miaka mingi.

Tuangalie damu hiyo basi. Kila aina ya mbwa ina kazi iliyoiumba. Rottweiler ametoka mji wa Rottweil, kusini mwa Ujerumani, alikokuwa mbwa wa wachinjaji, akiswaga ng'ombe na kuvuta mikokoteni ya nyama. German Shepherd tunaujua hata mwaka alioandikishwa, 1899, afisa mmoja aliyestaafu jeshi, Max von Stephanitz, alipomnunua mbwa wa kuchunga kondoo, akamwita Horand na kumweka wa kwanza kwenye daftari la uzao. Doberman amebeba jina la Louis Dobermann wa mji wa Apolda, aliyekuwa mtoza ushuru, na sidhani mnahitaji kuelezwa kwa nini mtoza ushuru alitaka mbwa wa kutembea naye. Boerboel ni wa Afrika Kusini, wa kulinda shamba ambalo jirani wa karibu haonekani kwa macho. Ridgeback, yule mwenye mstari wa manyoya yaliyolala kinyume mgongoni, anatokana na mbwa wa Wakhoikhoi waliochanganywa na wa walowezi, akatumiwa kuwinda simba. Simba hakuuawa na mbwa. Kazi ya mbwa ilikuwa kumzingira na kumbwekea mpaka mwenye bunduki afike. Na pitbull, mababu zake Uingereza walipiganishwa na mafahali mpaka Bunge lao likakataza mwaka 1835, kisha wakapiganishwa wao kwa wao mafichoni.

Kazi hizo hazifutiki kabisa. Mbwa wa ukoo wa uchungaji ataona kinachokimbia na miguu itamwasha, kiwe kondoo, kiwe boda. Lakini hulka ya mbwa mmoja mmoja, huyu wako unayemwita Simba na yule wa jirani anayeitwa Simba pia (Nakuru ina Simba wengi kuliko hifadhi yake), hiyo hutaisoma kwenye jina la uzao. Mwaka 2022 jarida la Science lilichapisha utafiti wa Marekani. Waliwahoji wenye mbwa zaidi ya 18,000 na kusoma vinasaba vya mbwa zaidi ya 2,000. Wakakuta kwamba aina ya mbwa inaeleza kama asilimia 9 tu ya tofauti za tabia kati ya mbwa na mbwa. Ni kama kumjua mtu kwa ukoo. Ukisikia ni wa ukoo wa wahunzi utakisia mawili matatu, ila hutamkopesha pesa kwa sababu hiyo.

Sasa wapenzi wa majibwa msinipigie makofi bado, maana mmezoea kuishia hapo. Mnasema, "Hakuna mbwa mbaya, kuna mwenye mbwa mbaya," mnaenda zenu. Kipo kitu ambacho aina ya mbwa inakuambia bila kukosea, nacho ni uzito na taya. Haikuambii kama atauma. Inakuambia akiuma itakuwaje. Yule Spitz mdogo mweupe wa mtaa wa pili huuma vifundo vya miguu kila wiki, watu wanacheka na kupaka spiriti. Boerboel dume hupita kilo 70 bila taabu. Mtoto wa darasa la tatu ana kilo 25 hivi. Mtu aliyezoea kuendesha boda akikabidhiwa lori la mchanga, si kwamba lori ni ovu, ila kosa lilelile la kupitiwa na usingizi sekunde moja, gharama yake si moja. Anayefuga mbwa mwenye nguvu amejitwika breki nzito zaidi kuliko mwenye Spitz. Ndilo jambo nililokuja kulisema, na yanayofuata ni kulifafanua tu.

Turudi kwenye kibao. Kosa la kwanza ni neno lenyewe, "kali".

Desturi yetu naijua kwa sababu niliifuata. Unanunua kilebu. Unamtia kwenye kibanda cha mbao na wavu nyuma ya nyumba, mchana haoni mtu. Chakula anapewa na kijana wa kazi peke yake. Saa tatu usiku anafunguliwa azunguke, alfajiri anarudishwa. Mwenye nyumba mwenyewe hawezi kumgusa na anajivunia hivyo. "Asizoee watu, atapoteza ukali." Wengine wanamkondesha kwa makusudi. Wengine wanatia pilipili kwenye ugali wake, sijui ukali wa pilipili unapitia wapi kutoka tumboni hadi kwenye meno.

Unachopata hapo ni woga. Mbwa huyo anaogopa mwavuli, anaogopa kofia ya boda, anaogopa mzee anayechechemea na mtoto anayepiga mbio. Na mwoga aliyebanwa pembeni hana ila njia moja. Samaki mkunje angali mbichi, na kwa mbwa ubichi huo ni mfupi kuliko mnavyodhani. Marekani, huko Bar Harbor katika jimbo la Maine, watafiti John Paul Scott na John Fuller walilea mbwa wa aina tano kwa miaka zaidi ya kumi, wakitoa matokeo yao mwaka 1965. Walionyesha kwamba mlango wa kumzoeza kilebu na watu uko wazi kuanzia wiki ya tatu hivi hadi kama ya kumi na mbili. Waliokaa bila kuguswa na binadamu mpaka wiki ya kumi na nne wakawa kama wanyama wa msituni, kumkaribia mtu ni kazi. Tazameni kalenda zenu. Kilebu unamtoa kwa mama yake wiki ya nane, unamfungia kwenye kibanda, na wiki nne baadaye mlango umejifunga ukiwa unamtafutia bati la kuezekea.

Najua daktari anawaambia asitembee chini kabla chanjo za parvo, ule ugonjwa wa virusi unaoharisha na kuua vilebu, hazijakamilika, na daktari yuko sahihi, parvo inakaa kwenye udongo miezi. Basi mbebe. Mimi Kadogo nilimbeba kwenye ndoo ya plastiki hadi soko la Wakulima. Akawaona mama mboga, mikokoteni, wapiga debe, mtu mwenye gunia kichwani. Nikakaa naye nje ya kinu cha posho mpaka akalala kwenye kelele. Watu walinicheka: mwanamume mzima na ndoo ya mbwa. Kila mmoja niliyemwomba ampe kipande cha ini kilichochemshwa alimpa. Gharama yote ilikuwa ini la shilingi mia.

Na ukienda kununua, omba kumwona mama yake. Muuzaji akikuambia mama "yuko shamba", wewe nenda nyumbani. Woga ni miongoni mwa mambo ambayo mbwa hurithi, na mama anayejikunja nyuma ya pipa akikuona atakupa watoto wa kujikunja nyuma ya pipa, ila wakikua watakuwa na kilo 50.

Naona mzee pale nyuma anatikisa kichwa. Anasema, akizoea watu, nani atamzuia mwizi? Mzee, swali zuri, na nitakujibu kama mlinzi.

Mwizi hapigani na mbwa. Anatupa kipande cha nyama juu ya ukuta na kuvuta sigara yake akingoja. Mbwa uliyemkondesha awe mkali anaidaka kabla haijagusa ardhi. Asubuhi mbwa amekauka na runinga haipo. Katika miaka yangu nimeitwa kwenye nyumba za namna hiyo mara tatu, na mara zote tatu mbwa alikuwa wa kufungiwa na njaa. Mbwa aliyeshiba na kufundishwa kula kwenye sahani yake baada ya kuambiwa "kula" hana kinga ya asilimia mia, ila anakupa nafasi. Tena mbwa anayebwekea kila kitu hakulindi, kwa sababu umeshaacha kumsikia. Kadogo boda zikipita hainui hata sikio. Lakini saa nane usiku mtu akigusa bati la ukuta wa nyuma, anatoa sauti ambayo mke wangu anaitambua akiwa ndotoni. Anayejua mambo ya kawaida ndiye anayetambua yasiyo ya kawaida.

Kuhusu wakufunzi. Wapo vijana wanaopita na mkono wa magunia, ule wa kuvaa ili mbwa aung'ate, wakisema wiki mbili tu mbwa wako atakuwa anararua. Muulize swali moja: akishashika, anaachia kwa neno gani? Akianza kuzungukazunguka, mpe chai, umsindikize. Mbwa aliyefundishwa kushika bila kufundishwa kuachia ni gari la gia bila breki. Neno la Kadogo ni "achia", na tulilifanyia kazi miezi mitano kwa kitambaa na kipande cha nyama kabla sijamruhusu kushika chochote chenye mtu ndani. Ni Kiswahili, ndiyo. Sijui kwa nini Mkenya ambaye hajawahi kumsemesha mkewe Kiingereza akipata mbwa tu anaanza "kamu hia" na "siti daun". Kijana wa kazi anayempa chakula anamwambia "njoo", mwenye nyumba "kamu", watoto "kuja", halafu mnashangaa mbwa ni mkaidi. Chagueni neno moja nyumba nzima.

Sasa mtazameni Kadogo. Ngojeni. Mmeona? Amepiga miayo. Mnadhani hotuba yangu inamchosha, na huenda ni kweli, lakini mbwa akipiga miayo mahali penye watu wengi mara nyingi anasema "hapa sijatulia sana". Na ule ulimi uliopita puani upesi, kama mtu anayeonja mchuzi, ni neno hilohilo. Yule mtoto mwenye sweta la kijani alipomkazia macho, Kadogo aligeuza kichwa pembeni. Hapo anasema kwa adabu, "Tafadhali." Adabu ikipuuzwa, weupe wa jicho unaonekana, mwili unakakamaa na mkia unasimama tuli. Kisha ananguruma. Halafu ndipo meno. Mnaosema "aliuma ghafla tu", mbwa alikuwa amewaandikia barua tano.

Na mbwa akinguruma, msimpige. Mtu anasikia mbwa anamngurumia mtoto, anachukua fimbo. Mbwa anajifunza kwamba kunguruma kunaleta fimbo, anaacha kunguruma. Hofu haikuondoka, umeondoa king'ora peke yake. Siku nyingine atatoka kwenye kimya moja kwa moja hadi kwenye ngozi. Ukisikia mngurumo, mtoe mtoto, mshukuru mbwa, halafu kaa chini ufikirie kilichomfikisha hapo. Mara nyingi ni chakula, mfupa, maumivu, au mtoto aliyemkumbatia shingo. Wazazi, mtoto mdogo na mbwa mkubwa hawaachwi peke yao hata dakika ya kupakua ugali, hata kama ni Kadogo. Wajukuu zangu sijawahi kuwaacha naye, na nampenda kuliko baadhi ya jamaa zangu.

Kosa la pili la kibao ni la kisheria, nalo litawauma wenye vibao. Mnakiweka mkiamini kinawakinga: "Si nilimwonya?" Kumbe kinaweza kuwa shahidi wa upande wa pili. Kanuni tuliyorithi kutoka mahakama za Kiingereza ni kwamba mwenye mbwa aliyejua mbwa wake ana tabia ya kuuma anawajibika kwa madhara, hata kama siku hiyo hakuzembea. Na wakili atauliza: "Ulijuaje ni mkali?" Naye atanyoosha kidole kwenye geti lako. Tena Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 243, inamgusa anayeacha kwa uzembe kuchukua tahadhari dhidi ya hatari ya mnyama aliye mikononi mwake. Kibao si tahadhari. Tahadhari ni geti linalojifunga lenyewe. Ni ukuta ambao dume la kilo 50 haliruki, na nafasi chini ya geti isiyopitisha pua, maana mtoto wa shule yule, nimeambiwa, hakuingia kwa mtu. Alichutama kufunga kamba ya kiatu nje. Ni kengele upande wa barabara ili mama mboga asilazimike kuingiza mkono kutafuta komeo. Ni kamba mbwa anapotoka, na ukosi unaopitisha vidole viwili, usipitishe kichwa. Na kipete, kikaguliwe. Hicho kimefika wapi? Haya, endeleeni kupokezana.

Kuhusu kichaa cha mbwa nitakuwa mfupi kwa sababu halina ubishi. Dalili zikishaanza kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Taifa limejiwekea tangu mwaka 2014 mpango wa kumaliza vifo hivyo ifikapo 2030, na madaktari wanasema mbwa saba kati ya kumi wakichanjwa mahali, ugonjwa hukosa pa kupita. Chanjo ni kuanzia miezi mitatu, hurudiwa kila mwaka, na mtunze kadi. Mtu akiumwa, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15. Weka saa, maana dakika 15 ni ndefu kuliko unavyodhani. Usipake tumbaku, usipake mafuta ya taa. Nenda hospitali siku hiyohiyo, na sindano ukianza, maliza zote. Hata kama aliyeuma ni Spitz. Virusi havijui kilo.

Sasa, mwenyekiti, marufuku yako.

Uingereza walipitisha sheria mwaka 1991 wakataja aina nne, pitbull akiwa mmojawapo. Mwisho wa 2023 wakalazimika kumwongeza wa tano, XL Bully, kwa sababu watu walikuwa wameshatengeneza jibwa jingine nje ya orodha. Uholanzi walipiga pitbull marufuku mwaka 1993, wakaiondoa marufuku mwaka 2008 walipoona watu wanaumwa vilevile. Na angalia, Rottweiler na German Shepherd hawamo kwenye orodha ya Uingereza. Ukiichukua kama ilivyo na kuileta hapa, majibwa yako yote matano wanaponyoka isipokuwa yule ambaye mwenyewe anasema si pitbull, na kesi ya kwanza itakuwa ya kubishana ni pitbull au si pitbull, huku mama mboga akiwa na bandeji.

Mimi ningekuwa na kalamu yako ningeuliza mageti badala ya majina. Mbwa yeyote wa kilo zaidi ya 30, wawili watatu wenu wapite nyumba kwa nyumba: kadi ya chanjo iko wapi, geti linajifunga, mbwa anatoka kibandani saa ngapi, nani zaidi ya kijana wa kazi anaweza kumshika? Kama jibu ni "hakuna", huyo ndiye mbwa wa kuanza naye, awe Boerboel au koko. Dume lisilotakiwa kuzaa lihasiwe. Litatoroka mara chache na mtaa utapungukiwa vilebu wa bure, ambao ndio hugeuka kuwa mbwa wa mnyororo. Na asiyeweza kulisha asifuge. Mbwa wa kilo 50 hali makombo, anakula kama mtu aliyeajiriwa. Kuna mwenye ploti aliniambia kumlisha mbwa wake kunamgharimu karibu sawa na kumlipa soja, yaani mlinzi, nikamwambia basi ajiri soja, yeye angalau anajua tofauti ya mwizi na mtoto wa shule.

Nimeongea sana, chai inapoa. Kuna mtoto hapa mbele ameinua mkono tangu niseme jina la Kadogo. Ndiyo, wewe mwenye sweta la kijani. Unataka kumsalimu? Vizuri umeomba. Umeniomba mimi, na kijana aliyeshika kamba anakubali, bado mmoja. Njoo polepole, si kwa mbele yake, pitia ubavuni. Simama hapo. Usimtazame machoni, mikono chini. Sasa tumngoje yeye. Akitaka atakuja kunusa.

Ameona. Ameramba pua. Ametazama ukutani.

Amesema nini, wenzangu? Hapana. Basi rudi kinyumenyume hatua mbili, mama, ukae. Baada ya chai tutamuuliza tena.